Sauti ya Tabora kwenye simu ya Ibra

Saa mbili kasorobo asubuhi, mjini Ibra, Oman, kliniki ya meno haijafunguliwa, lakini Ghaniya yuko kitini tayari. Mbele yake kuna kompyuta, kikombe cha chai ya maziwa na simu ambayo bado haijaita. Anakohoa kidogo, anajaribu salamu ya Kiarabu kwa sauti ya chini, anakohoa tena.

"Nikishasalimia, mtu ananyamaza kidogo," anasema. "Hapo roho yangu inakuwa juu juu. Nangoja kusikia kama ataniambia, nipe mwingine."

Ghaniya ana miaka arobaini na tano, na kwa miaka tisa amekuwa mpokea simu hapa. Alizaliwa Tabora, akaja Oman akiwa na miaka kumi na saba. Babu yake alizaliwa kijiji cha jirani tu na Ibra. Uraia anao, ukoo anao, na Kiarabu anakijua vizuri, ila kina Tabora ndani yake: herufi za kooni anazigusa juu juu, na sentensi zake zinapanda na kushuka kama za mtu anayesimulia.

"Na Kiswahili nacho hakiniokoi," anacheka. "Mama mkwe ni wa Unguja mjini. Nikifungua mdomo tu, anasema, 'Maskini, bara hiyo.'"

Mwaka huu utani uliisha. Wapiga simu walianza kumwambia meneja, Yazeed, kwamba wanataka kuzungumza na Mwomani. Mmoja alisema haamini kama mtu wa sauti ile anaweza kuandika miadi sawasawa, ingawa miadi yake ilikuwa imeandikwa sawasawa. Yazeed akampa Ghaniya mpaka mwisho wa mwezi. Malalamiko yakiendelea, atahamia stoo ya vifaa, chumba kisicho na simu wala dirisha.

"Stoo si aibu, kazi ni kazi. Lakini mimi napenda watu. Nikikaa na maboksi ya glavu siku nzima, nitaanza kuyasalimia."

Binti yake, Shatha, mwanafunzi wa chuo huko Nizwa, ndiye aliyejitolea kumtengeneza. Yeye amezaliwa Ibra, na Kiarabu chake hakuna anayekiuliza swali. Kila akirudi nyumbani mwisho wa wiki, alimkalisha mama yake jikoni.

"Mama, hii maneno usiimba," alikuwa akimwambia kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Sema kavu. Sauti toa huku, kwa koo, khalas."

Mama akaiva. Wiki mbili zikapita bila mtu kuomba mwingine.

Wote wawili walisahau jambo moja ambalo kila mtu wa Sharqiya, mkoa huu wa Ibra, analijua. Hapa mtu haanzi na shida yake. Huanza na habari za nyumba, za mvua na za mbuzi, ndipo lije jino. Mgeni husamehewa marefu hayo. Mwenye sauti ya nyumbani huulizwa mpaka ukoo wake.

Bibi Huwaida, mzee wa kijiji cha nje ya Ibra, alipiga simu kuulizia meno ya bandia. Aliposikia sauti ya kwao alifurahi, akamaliza habari zote, kisha akauliza, "Wewe binti wa nani?"

"Hapo nilinaswa," Ghaniya anakumbuka. "Uongo wa sauti niliuweza. Uongo wa babu yangu, hapana."

Akamtaja babu. Bibi akamjua mara moja.

"Huyo alikwenda Afrika, na wanawe wakazaliwa huko," akasema. "Ulimi huu umeupata wapi?"

Ghaniya akamweleza ukweli. Bibi hakupandisha sauti. "Kama unaniigiza, nipe mwingine. Kama wewe ni wa yule mzee, sema kama ulivyo."

"Maneno yale yale, nipe mwingine. Nililia," anasema. "Halafu nikamwandikia miadi yake kwa sauti yangu, na Tabora yote ndani." Tangu hapo hajaigiza tena.

Leo ndiyo mwisho wa mwezi. Yazeed anaingia na funguo mkononi, anasimama kando ya meza.

"Tangu aache kuigiza, wawili wameomba mwingine," anasema kwa Kiarabu. "Nilikuwa nimeshaamua kuwasikiliza. Lakini Bibi Huwaida alipokuja, alileta dada zake, na hakuna aliyekubali kuandikwa ila na Umm Shatha, mama huyu." Anamgeukia Ghaniya. "Kuanzia leo, anayetaka mwingine mwambie hayupo."

Ghaniya anainamia kompyuta, na kwa muda hageuki. Ana furaha, na hataki bosi wake aione ilivyo kubwa.

Anachotaka sasa, anasema baadaye, ni kukaa kwenye kiti hiki mpaka Shatha amalize chuo, na siku moja kupokea simu bila kukohoa kwanza.

Simu inaita. Anakohoa. Anasalimia, anataja jina lake na la babu yake, kwa sauti ya Tabora.

Kimya.

Kisha inasikika sauti ya mwanamume, ya polepole, isiyo na haraka ya jino wala ya kitu kingine.

"Habari zenu huko? Mvua mmepata?"