Tangazo lililoishia kwenye kopo la rangi

Saa moja na robo asubuhi, tarehe ishirini na sita. Mwanamke wa miaka hamsini na mmoja anapanda ngazi kumi na mbili za chuma bila kushika popote, anafungua kufuli la kibanda kilichojengwa juu ya stoo ya vitunguu, na kabla hata hajavua mtandio anabonyeza swichi. Vipaza sauti kumi na vinne vilivyofungwa kwenye nguzo za soko vinakoroma kidogo, kisha vinatulia.

"Habari za asubuhi, soko," anasema. "Mwenye mkokoteni wa magurudumu ya bluu, umeziba mlango wa samaki. Usijifanye husikii, nakuona."

Chini, mwanamume mmoja anaacha chai yake mezani na kukimbia. Vichwa kama thelathini vinainuka kuelekea dirishani, vinacheka, vinarudi kazini.

Vichwa hivyo ndivyo kipimo chake. Kwa miaka kumi na tisa hajawahi kumuuliza mtu kama sauti imefika. Anatazama dirishani tu.

Sokoni wanamwita Mama Kipaza. Tangazo moja la biashara hulitoza bei ya mikate miwili. Siku nzuri yanafika ishirini, siku ya mvua matano. Ya misiba ni nusu bei. Ya watoto waliopotea ni bure, na ndiyo yanayosomwa kwanza, hata kama mwenye duka la magodoro amelipia mwezi mzima. Kwa kazi hiyo, tangu mumewe afariki, amesomesha mabinti wawili. Mmoja sasa ni muuguzi, wa pili anamalizia ualimu.

Zimebaki siku tano. Uongozi wa soko umeamuru vipaza sauti vyote vishushwe mwisho wa mwezi, kwa sababu kliniki ya wajawazito imefunguliwa mita arobaini kutoka ukutani. Mama Kipaza hapingi.

"Mtu yuko kwenye uchungu, halafu anasomewa bei ya nyanya," anasema. "Hata mimi ningekasirika."

Mpango wake ulikuwa redio: kituo kidogo cha wati hamsini, cha kusikika sokoni na kwenye vitongoji vya karibu, kila muuzaji akiwa na kiredio chake au simu kibandani. Alinunua mtambo wa mtumba kutoka chuo cha ufundi kilichokuwa kinabadilisha vifaa, kwa akiba ya miaka sita. Mnara wa mabomba ya chuma ukasimamishwa kando ya stoo na shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, ambaye ni fundi redio. Kilichobaki kilikuwa kibali cha serikali.

"Nilidhani ni fomu," anasema. "Unajaza, wanagonga muhuri, unarudi nyumbani. Mpaka leo sijui ilikuwaje."

Ofisi inayotoa kibali iko safari ya saa tatu kwa basi. Amekwenda mara saba. Ina madirisha matatu: la kwanza la masafa, la pili la vipindi, la tatu la mitambo. Hakuna dirisha linalojua lingine limesema nini, na kwa haki yao, makarani hao hawajawahi kumwambia jambo lisilo la kweli.

Dirisha la kwanza lilimpa barua ya kutengewa masafa kwa siku mia na themanini. Siku hizo zikiisha kabla faili halijakamilika, masafa anapewa mwombaji anayefuata kwenye orodha. Zinaisha tarehe thelathini mwezi huu, siku moja kabla ya vipaza sauti kushushwa.

Dirisha la pili lilitaka mgawanyo wa vipindi kwa asilimia: habari, elimu, burudani. Mama Kipaza alikaa na kalamu mkononi kwa nusu saa, kisha akarudi dirishani.

"Mwanangu, mtoto aliyepotea ni habari, elimu au burudani?"

Karani, kijana mwenye tai, aliinuka kwenda kuuliza ndani. Alirudi baada ya dakika kumi. "Weka kwenye mengineyo, mama."

"Na mkokoteni uliozibia watu njia?"

"Mengineyo."

"Na msiba?"

"Mengineyo. Ila angalia, mengineyo hayaruhusiwi kuzidi asilimia tano."

"Sasa nikifikisha hizo tano siku ya Jumatano, mtoto wa Alhamisi asubiri wiki ijayo ndiyo apotee?"

Karani alifungua droo. Alikuwa na fomu nyingine, ya kuomba kuongezewa mengineyo. Iliidhinishwa baada ya wiki tano, na sasa kituo ambacho bado hakipo kinaruhusiwa mengineyo asilimia sitini.

Dirisha la tatu ndilo lililomchosha. Fomu ya mitambo iliuliza urefu wa ncha ya mnara kutoka usawa wa bahari. Shemeji yake aliandika mita 18. Alikuwa amepanda mwenyewe na kuupima kwa kamba. Fomu ilirudishwa, na safari hiyo Mama Kipaza alikwenda naye.

"Mama, mnara wako uko chini ya ardhi," alisema karani wa dirisha hilo, mwanamke mwenye miwani ambaye hainui sauti.

Wawili hao walitazamana.

"Soko lenu liko mita 1,240 kutoka usawa wa bahari," karani aliendelea. "Nyinyi mmeandika ncha iko mita 18. Kwa hiyo mnara umezikwa, na ncha yake iko mita 1,222 chini ya stoo ya vitunguu."

"Dada yangu, mimi nimeupanda," alisema shemeji. "Nimeangukiwa na spana nikiwa huko juu. Bahari inaingiaje hapa? Kutoka kwetu mpaka baharini ni siku mbili."

"Hatupimi umbali, kaka. Tunapima kimo."

Lilikuwa kosa la fundi mwaminifu: alipima alichokigusa. Walisahihisha ikawa 1,258, lakini fomu iliyosahihishwa huhesabiwa kuwa mpya na kwenda mwisho wa foleni. Wiki sita zikapotea.

Kisha likaja la mwisho. Ili kibali kitolewe, lazima mkaguzi aupime mtambo na kuandika cheti. Mkaguzi hapimi mtambo uliozimwa. Na kuwasha mtambo kurusha matangazo kabla ya kupata kibali ni kosa kisheria, lenye faini na kunyang'anywa vifaa.

"Nikiwasha, mnanikamata," Mama Kipaza alimwambia karani wa miwani. "Nisipowasha, hamnipi. Sasa mimi nisimame wapi?"

"Nyuma kidogo ya mstari wa njano, mama. Kuna mtu anapita."

Siku hiyo, anakumbuka, alipanda basi la kurudi na kukaa kiti cha mtu mwingine, akaondolewa, akakaa tena kilekile. "Kichwa kilikuwa kimejaa maji," anasema.

Aliyemtoa hapo ni shemeji yake, kwa kopo la rangi la lita nne. Ndani yake kuna kijiti cha kupinga umeme kilichozamishwa kwenye mafuta. Mtambo ukiunganishwa na kopo badala ya mnara, nguvu yake yote hugeuka kuwa joto. Mafundi hutumia njia hiyo kujaribu mitambo bila kusumbua masafa ya watu. Alipiga simu dirisha la tatu kuuliza. Karani alimsomea kifungu: kurusha matangazo ni kupeleka mawimbi angani. Kisha akakubali kwamba kopo si anga.

"Kwa hiyo nitazungumza na hakuna atakayesikia," Mama Kipaza alimwambia shemeji.

"Hakuna hata mmoja. Ndiyo uzuri wake."

"Uzuri gani huo? Miaka yote hii nakutegemea, shemeji, leo unaniambia niongee na ndoo."

"Kopo. Ndoo ingekuwa ya wati mia mbili."

Siku hiyohiyo ya ishirini na sita, saa nne kasoro asubuhi, mkaguzi anafika. Ni mtu mrefu, mkavu, mwenye kalamu mbili mfukoni na sanduku la vipimo. Hataki chai. Anaanza na mnara, na kifaa chake kinasoma mita 1,257.

"Ile moja imekwenda wapi?" shemeji anauliza.

"Imo ndani ya makosa yanayoruhusiwa."

"Kumbe kuna makosa yanayoruhusiwa," shemeji anamnong'oneza Mama Kipaza. "Yangu ndiyo hayakuwamo."

Ndani ya kibanda, chenye upana wa hatua tatu, wanabanana watatu na kopo. Waya wa mnara umechomolewa na kuning'inizwa ukutani ili mkaguzi auone. Mkaguzi anavaa vipokea sauti vya masikioni vilivyounganishwa na kipimo chake. "Ongea dakika tatu," anasema. "Sauti yako ya kawaida."

Mama Kipaza anavuta maikrofoni karibu, anafungua mdomo, na neno halimtoki.

Anatazama dirishani. Soko linaendelea na shughuli zake. Mwenye mkokoteni wa bluu anapakia maboga. Hakuna kichwa kinachoinuka, wala hakitainuka.

"Niseme nini?" anauliza.

"Chochote, mama. Napima tu."

"Chochote kwa nani?"

Mkaguzi anatazama sindano ya kipimo. Shemeji ananyoosha mkono na kumsogezea daftari la matangazo. Mama Kipaza analifungua kwenye ukurasa wa jana na kusoma la kwanza, kama alivyolisoma jana.

"Anatafutwa mtoto wa kike, umri miaka minne. Amevaa gauni la kijani na kiatu kimoja, cha kushoto. Akiulizwa jina anasema ni Malkia, si kweli. Ameonekana mara ya mwisho karibu na mizani ya viazi. Mama yake yuko hapa chini ya ngazi, amekaa, hawezi kusimama. Ukimwona usimkimbize, kaa naye tu."

Anarudia mara tatu, kama kawaida yake, polepole zaidi kila mara. Katika mara ya pili, kalamu ya mkaguzi inasimama. Katika ya tatu anainua kichwa kutoka kwenye sindano na kumtazama msomaji.

Dakika tatu zinakwisha. Kopo limepata moto. Mkaguzi anapima joto, anaandika tarakimu kwenye fomu, anageuza, anaandika nyingine. Kisha anavua vipokea sauti.

"Alipatikana?"

"Nani?"

"Mtoto."

"Aah. Saa ileile. Alikuwa kwa fundi viatu pale langoni, amemkalia kigoda, hatoki mpaka apewe kiatu cha kulia."

Mkaguzi anaitikia kwa kichwa taratibu na kutia saini.

"Tumefaulu?" anauliza Mama Kipaza.

"Vipimo viko ndani ya kiwango."

"Hiyo ni nzuri?"

"Ni ndani ya kiwango, mama. Peleka dirisha la tatu."

Kesho yake, tarehe ishirini na saba, saa sita na nusu, amesimama nyuma ya mstari wa njano kwa mara ya nane. Karani wa miwani anapokea cheti, anakisoma pande zote mbili, anakitoboa, anakifunga kwenye faili, anagonga muhuri.

"Faili limekamilika."

"Kwa hiyo nimepata?"

"Limekamilika. Linakwenda kwenye kikao."

"Na masafa yangu? Yanaisha baada ya siku tatu."

"Faili likikamilika kabla ya tarehe, siku zinasimama. Hapewi mtu mwingine."

"Zinasimama mpaka lini?"

"Mpaka kikao kikae."

"Kinakaa lini?"

Karani anavua miwani, na kwa mara ya kwanza katika safari nane anaonekana kama mtu anayetamani kuwa na jibu. "Hilo ni dirisha la kwanza, mama."

Dirisha la kwanza limefungwa kwa chakula cha mchana. Mama Kipaza anasubiri, anaambiwa kikao hukaa ndani ya siku tisini, anaandika "tisini" kwenye kiganja na kurudi stendi. Hajui kama amefurahi. Anachojua ni kwamba hajapoteza masafa, hajapata kibali, na mwisho wa mwezi vipaza sauti vinashuka.

Siku hizo za katikati, anasema, atazipitisha kwa miguu. Atazunguka soko na daftari, kibanda kwa kibanda, akisoma kwa mdomo. Watoto bure, kama siku zote. Shemeji amekwishamwambia kwamba kwa mwendo wake wa sasa atamaliza mzunguko mmoja kwa saa moja na dakika ishirini. Amempima.

Lakini kibali kikija, ameshalipanga jambo moja, na halikuulizwa kwenye dirisha lolote. Fundi viatu wa langoni, anayeonekana vizuri kutoka kibandani, amekubali kuweka redio kwenye meza yake. Akisikia sauti tu, atainua nyundo juu ya kichwa.

"Huko hewani sitaona vichwa," anasema Mama Kipaza, akifunga dirisha la kibanda. "Nikiona nyundo, nitajua siongei na kopo."