Jina la Kaka Kwenye Fidla

Waasi walikuwa wameondoka Kisangani, na sisi tulikuwa kwa fundi redio wa mtaa wa Mangobo, tukisikiliza redioni muziki wa kwanza wa okestra uliotungwa na binamu yangu, aliyekuwa akisoma Ulaya. Kaka yake, mpiga ngoma ya habari, alikunja uso.

“Ngoma nilimufundisha mimi. Leo yeye iko mukubwa!”

Mama yao akamgusa bega. “Nyamaza. Sikia, iko naita jina yako.”

Kweli, fidla zilikuwa zikirudia jina lake la ngoma, mdundo ambao kwetu Yanonge hupigwa kumwita mtu mmoja tu.

“Ona, mama,” akasema. “Hata jina yangu amebeba.”

Kesho yake nilimkuta tena kwa fundi, mikono kifuani, akiuliza ile kelele ya mdogo wake itapigwa tena saa ngapi.