Panzi Aliyeniletea Viboko

Leo nimemkaangia panzi mwalimu aliyewahi kunichapa kwa sababu ya panzi.

Ilikuwa enzi za Ujamaa, kijijini Sepuka, niko darasa la tano. Mwalimu akafundisha kwamba mdudu akikosa kichwa, miguu haiwezi lolote, kama kijiji kisicho na uongozi.

Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, nyumbani panzi tunawang'oa vichwa kabla ya kuwakaanga, na bado wanarusha mateke."

Viboko vinne. Kosa langu, kudharau uongozi.

Akataka niseme "nimekosea." Sikusema. Akaongeza viwili.

Leo kaja kunisalimia, mzee kabisa. Shikamoo nimempa, hiyo haina mjadala.

Kisha nikamng'oa panzi kichwa mbele yake, nikamgusa mguu kwa unyasi.

Teke.

Binti yangu, anayefundisha sayansi, akaeleza: seli za neva zinazoendesha miguu ya panzi ziko kifuani, jirani na miguu yenyewe. Kichwa huleta amri, lakini teke linaundwa hapo hapo kifuani.

Nikasubiri mzee abishe.

Akatafuna kwanza. "Nilijua, mwanangu. Hata mama yangu alikuwa akiwakaanga. Ila siku ile mwenyekiti wa kijiji alikuwa amesimama dirishani, anasikiliza."

Jamani. Miaka yote hiyo nilidhani hajui.

Nikamwambia, "Panzi hana kichwa na teke ni lake. Wewe ulikuwa nacho, ukatumia cha dirishani."

Binti yangu anasema nimemvunjia mzee heshima, nimwombe radhi. Nyie mnasemaje?

Ila mjue, "nimekosea" haikutoka kwa viboko sita.