Tsonka na Karatasi ya Mzee Velko

Mimi na Tsonka tunaishi jengo moja, yeye ghorofa ya pili, mimi juu ya kichwa chake. Siku zake nazijua kwa masikio: kiti kinaburutwa, printa inakohoa, mlango unafungwa. Printa ikikohoa, ujue kuna mtu kafa.

Ndiyo kazi yake. Zamani alikuwa mpiga taipu kwenye kiwanda cha pampu, kile ambacho siku hizi kina mbwa tu na madirisha yasiyo na vioo. Kilipofungwa, mpwa wake Rumen alikuwa anakwenda kutafuta maisha Uhispania, akamwachia kompyuta yake kuukuu. Tsonka akaiweka mezani jikoni, akaifunika kitambaa alichofuma mwenyewe, akaanza kuchapa karatasi za msiba: picha ya marehemu, msalaba, jina, saa ya maziko. Duka lililokuwa likizichapa mjini lilikwisha kufa nalo, na hakuna aliyeliandikia karatasi. Watu wanamletea picha, yeye anawapa karatasi, wanazibandika mlango wa jengo, kituo cha basi, duka la mkate. Arobaini ikifika wanarudi kuchukua nyingine. Mwaka ukiisha wanarudi tena, kama bado wapo. Wanamshukuru kwa mayai, kwa maharage, au kwa maneno matupu.

"Niliowaandika ni wengi kuliko waliobaki," aliniambia siku moja, kama mtu anayesema mgongo unamuuma.

Mzee Velko alikuwa fundi wa majiko ya kuni. Hakuwa na mke wala mtoto. Alikuwa na baiskeli na kofia ya manyoya. Hakuna nyumba mtaani kwetu ambayo hakuwahi kuipitishia bomba la moshi au kuikung'uta masizi, na ukimpa glasi ya rakia, pombe yetu kali ya matunda, yeye anaona mmemalizana. Majira ya baridi yaliyopita alimfungia Tsonka bomba jipya, kisha akakaa kupasha miguu.

"Tsonka, yangu utaiandika wewe," akasema. "Weka hii picha yangu ya kofia. Bila kofia hawatanijua."

Tsonka akaiingiza picha hiyo kwenye kompyuta siku ileile, kwa sababu ndivyo alivyo, na akamwahidi.

Velko alikufa mwisho wa Septemba, kwenye kiti chake. Manispaa ikasema itamzika keshokutwa yake mchana. Manispaa inatoa sanduku na shimo, karatasi haitoi. Na hapa kwetu hakuna anayekwenda mazikoni kwa kusikiasikia, watu wanasoma mlangoni. Karatasi isingebandikwa kufikia jioni ya siku iliyofuata, Velko angezikwa na padri na wachimbaji wawili, peke yake kama alivyokula chakula cha jioni maisha yake yote.

Siku hiyo iliyofuata ilikuwa tarehe mosi Oktoba. Mimi nilikuwa namenya pilipili hoho nyekundu za kuchoma, nikasikia kiti, halafu kimya. Halafu mwiko ukigongwa kwenye bomba la maji, ndivyo anavyoniita. Nikashuka na mikono yangu myekundu.

"Imegoma," Tsonka akasema.

"Imegoma vipi?"

"Inawaka, inaonyesha jina la walioiunda, inalia mara moja, inakaa. Kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata."

"Izime, uiwashe."

"Wewe unadhani nimekuwa nikifanya nini tangu asubuhi, nikiiimbia?"

Tukaizima tena. Kioo kikawa cheusi, mstari mmoja mweupe pembeni kwa lugha ya kigeni, basi. Nikaipiga kofi ubavuni.

"Usiipige, si mume wako."

"Mume ningempiga kwa nguvu zaidi."

Hakucheka. Alikuwa anaitazama kama unavyomtazama ng'ombe aliyelala na hataki kuinuka. "Picha yake imo humo, Stefka," akasema. "Ile yenyewe Velko aliondoka nayo, na nyumba yake manispaa wameifunga."

Tukampigia Rumen, simu tukailaza mezani ili sote tusikie.

"Shangazi, niko kazini."

"Na mimi niko kazini. Sema nifanye nini."

Akasema tuchomoe umeme ukutani, tubonyeze kitufe tuhesabu polepole, turudishe. Ikalia, ikakaa. Akasema tufungue ubavu tupulize vumbi. Nikaleta bisibisi ya marehemu mume wangu. Vumbi lililotoka lingetosha kufuma soksi. Tukaifunga, tukaiwasha, ikakaa palepale.

Wakati huo Padri Evtimi alikuwa anashuka kutoka ghorofa za juu, na sufuria yake ya shaba na shada la majani ya rehani. Kila tarehe mosi anapita nyumba kwa nyumba kunyunyiza maji ya baraka, na kwa Tsonka alikuwa ameanza asubuhi. Akachungulia.

"Karatasi ya Velko bado?"

"Imegoma, Baba."

"Niinyunyizie tena?"

"Nyunyiza, Baba, haidhuru." Tsonka akaondoa kitambaa chake vizuri, ili baraka isiishie juu juu. Padri akachovya shada, akatikisa.

"Shangazi, hayo ni nini?" simu ikauliza.

"Ni Baba Evtimi. Anabariki."

"Anabariki nini?"

"Kibodi."

"Kwa maji?"

"Ulitaka kwa nini, mafuta ya alizeti?"

"Amewahi kufanya hivyo kabla ya leo?"

"Kila tarehe mosi tangu ulipoondoka. Si ndiyo inayonilisha?"

Kisha Rumen akasema kwa sauti ya mtu aliyefumba macho, "Shangazi, chomoa kibodi. Waya wake uko nyuma. Halafu iwashe."

Akauchomoa. Kompyuta ikawaka, ikapiga kimuziki chake, ikafunguka. Tsonka akakalia kiti kama gunia lililotuliwa.

"Mnaona," akasema padri.

Tukaipindua kibodi juu ya gazeti. Yakadondoka maji, maganda ya mbegu za alizeti, makombo, na maua ya rehani, makavu kwa mabichi, ya miaka. Herufi moja katikati ilikuwa imezama na haikuwa tayari kuinuka, rehani imeigandisha kama gundi. Nikaichokonoa kwa kisu cha pilipili. Ikaruka, ikavunjika.

"Umemng'oa jino," Tsonka akasema.

Ilibaki chuchu ya mpira. Rumen akatuonya tusiirudishe mpaka ikauke kabisa, kwa hiyo tukaiegemeza karibu na jiko, lile lenye bomba alilolifunga Velko. Tukakaa. Nilikwenda kuleta pilipili zangu, tukamenya sote wawili.

Mchana ulipokuwa unaondoka, Tsonka aliandika. Kila alipoihitaji ile herufi iliyong'oka aliibonyeza kwa njiti ya kiberiti. Printa ikakohoa. Mimi nikazunguka kubandika, na pembe za karatasi zikabaki na alama za vidole vyangu vyekundu. Velko na kofia yake akatazama kituo cha basi.

Kesho yake walikuja. Si umati, mji wenyewe hauna umati. Mwenye duka la mkate alifunga mlango akaja na aproni yake. Walikuja wazee na baiskeli zao, na wanawake ambao majiko yao hayajawahi kuwatoa machozi. Bibi mmoja alikuwa ameibandua karatasi ya kituoni, ameikunja kifuani.

"Kumbe yeye ni Tsankov," alisema. "Miaka yote namwita Fundi tu."

Tukagawana ngano ya kuchemsha, tukamwagia udongo divai. Tsonka alikuwa ameketi kwenye benchi la kaburi la jirani, viatu amevivua.

"Umechoka?" nikamuuliza.

"Tangu kiwanda kilipofungwa."

Tarehe mosi Novemba padri alibisha hodi. Nilikuwepo. Tsonka alimfungulia, akainamisha kichwa.

"Mimi, Baba. Ninyunyizie mimi."

Padri akatazama mezani. "Na hiyo?"

"Hiyo imebarikiwa ya kutosha."

Alipoondoka, Tsonka alijifuta maji shingoni kwa mkono wa nguo yake, akafunua kitambaa, akachukua njiti ya kiberiti. Arobaini ya Velko ilikuwa inakaribia.