Aliyesimama Nyuma ya Wote

Kila ninapopasua boga jikoni, harufu yake mbichi hunirudisha kijijini kwetu Mkonze, kwenye siku ya kurusha rungu.

Kila mwaka, uwele ukishavunwa, wanaume wa kwetu walishindana na majirani wa ng'ambo ya korongo kulenga boga lililowekwa juu ya kisiki. Ili wote wapate nafasi, asiye hodari alisimama karibu, na aliyezoea kushinda alirudishwa nyuma. Baba alisimama nyuma kuliko wote, peke yake.

Mwaka ule alilipasua boga kwa rungu la kwanza. Tulikuwa bado tunashangilia walipotokea askari watatu wa Mdachi, Mjerumani aliyetutawala, wakitafuta wanaume wenye nguvu wa kubeba mizigo hadi pwani. Wanaume wakainamisha vichwa. Askari mmoja akanichekea.

"Binti, mbona yule amesimama mbali hivyo?"

"Ni baba yangu," nikajibu kwa fahari. "Anawashinda wote. Hakuna mwenye mkono kama wake."

Mama aliniziba mdomo, lakini nilikwisha sema. Walimfunga baba kamba shingoni. Nikamng'ang'ania mguu, nikilia kwamba nimedanganya, kwamba baba ni mgonjwa. Askari akaniondoa kwa mkono mmoja.

"Nyamaza, mwanangu," baba akasema. "Hukusema uongo."

Hakurudi. Mama hakunilaumu hata siku moja, nami mpaka tunamzika sikupata neno la kumwambia.