Faili Ambayo Mabonga Hakuipoteza

Ilitangazwa rasmi, kwanza kwa barua yenye muhuri na baadaye kwa bango lililotundikwa ukutani, kwamba kuanzia tarehe mosi Aprili 2009 kila leseni ya biashara itakayoombwa katika ofisi hiyo itatolewa ndani ya siku moja ya kazi, pasipo kujuana, pasipo kitu kidogo na pasipo faili kupotea. Kwamba ufisadi umefika mwisho wake. Na kwamba mwananchi wa Eldoret sasa atafanya biashara kama binadamu wengine duniani. Aliyelisoma tangazo hilo kwa makini kuliko wote alikuwa Wycliffe Mabonga, karani wa leseni, kwa sababu pale pa faili kupotea palimhusu yeye binafsi.

Mabonga alikuja Eldoret kutoka upande wa Kimilili mwaka 1988, akiwa na sanduku la bati, cheti cha kidato cha nne na mwandiko mzuri kupita kiasi. Ni mwandiko uliompa kazi. Ofisi yenyewe haina haja ya kutajwa. Ilikuwa na meza tano, dirisha moja lisilofunguka na foleni. Kwa miaka ishirini Mabonga aliandika majina ya wauza viatu, vinyozi, wenye hoteli na wenye vibanda vya soko, na kwa miaka hiyo yote mshahara wake haukuwahi kufika tarehe ishirini ya mwezi.

Ndipo akajifunza kupoteza faili. Hakuwahi kuchana faili wala kuichoma. Hilo aliliona ni ushenzi. Nyuma ya mlango kulikuwa na kabati la chuma lililobandikwa karatasi iliyosema "Mengineyo", na faili iliyoingia humo ilipumzika. Mwenyewe akija Jumatatu, aliambiwa inatafutwa. Akija Jumatano, aliambiwa labda iko kwa mhandisi. Ijumaa, kama ni mtu wa akili za kawaida, aliuliza kama karani amekunywa chai. Karani alikuwa hajanywa. Wapo pia waliotoa chai ili faili ya mtu mwingine ipumzike, kwa mfano mshindani aliyetaka kufungua duka mlango wa pili. Mabonga hakubagua. Faili zote zilirudi safi, hazina hata mkunjo, na hilo lilikuwa fahari yake. Nyumba yake ya Kapsoya ilisimama hivyo, bati moja baada ya jingine, na mkewe Edinah hakuuliza yalikotoka.

Miongoni mwa waliomnywesha chai alikuwamo Waceke, ambaye soko lote lilimwita Mama Thuo. Alikuwa na kibanda namba 47, nyuma ya soko, na biashara yake ilikuwa magunia. Aliyanunua makuukuu, akayakung'uta, akayashona palipotoboka, akayapanga kwa ukubwa. Na kila msimu wa mavuno wakulima wa Uasin Gishu walimjia kabla hawajaenda kwa mtu yeyote. Mabonga alimpotezea faili mara mbili, 1999 na 2004. Mara zote alilipa, na mara zote alitoa maoni yake.

"Karani," alimwambia ile mara ya pili, mbele ya foleni nzima, "hii ofisi yenu iko na panya wanapenda faili yangu. Waambie mwakani nitawaletea mahindi, waniachie karatasi."

Kisha ukaja ule uchaguzi wa Desemba 2007, na mambo ya kuchekesha yakaisha.

Mabonga alikaa ndani Kapsoya siku sita, akitazama moshi kutoka dirishani na kuhesabu ni wa upande gani. Watu wa kabila lake hawakuwa wakitafutwa sana wiki hiyo kama wa kabila la Waceke, jambo alilolishukuru bila kulisema kwa sauti. Kibanda namba 47 kiliungua. Magunia huungua polepole. Waliopita pale walisema yalifuka siku mbili. Waceke na watoto wake walikimbilia uwanja wa maonyesho, wakalala kwenye hema pamoja na maelfu ya wengine, na mvua ya mwezi wa tatu ikawakuta humo. Mabonga alipita nje ya uwanja huo mara nyingi akienda kazini. Aliona hema, aliona matope, aliona watu wakipanga foleni ndefu kuliko yake. Hakuingia. Alijiambia angeingia siku atakayokuwa na kitu mkononi, na siku hiyo haikupatikana.

Mageuzi yalifika mwaka uliofuata, na yalifika na mtu. Mkuu mpya wa ofisi, Bi. Musimbi, alikuwa mwanamke mwembamba, mcha Mungu, ambaye aliamini kila neno la lile bango. Hilo liliwashangaza wafanyakazi, kwa sababu wao hawakuwahi kukutana na mtu wa namna hiyo akiwa kwenye mshahara. Aliwapeleka semina ya siku mbili hotelini. Walikula sambusa, wakatia saini kiapo cha uadilifu, wakarudi wamevaa majina yao kifuani. Kabati la "Mengineyo" liliamriwa liondolewe, ila fomu ya kuliondoa ilihitaji saini tatu na ilikuwa na moja.

"Na mshahara?" aliuliza Edinah jioni hiyo.

"Ni ule ule."

"Kwa hivyo mageuzi ni ya nani?"

Mabonga mwanzoni aliacha chai kwa woga tu. Lakini baada ya wiki chache jambo la ajabu lilimpata: alianza kuipenda kazi. Mtu alikuja asubuhi na kuondoka jioni na leseni, na wengine walimshika mkono kwa mikono miwili. Kinyozi mmoja alimsalimia barabarani kwa jina. Mabonga alipata miaka hamsini na mbili bila kusalimiwa na mtu asiyetaka kitu, akaona si vibaya. Kufikia Juni hakuna faili iliyokuwa imelala mezani kwake hata usiku mmoja. Bi. Musimbi aliandika rekodi hiyo kwa chaki ubaoni, na Mabonga aliitazama kila asubuhi kabla ya kuketi.

Ijumaa moja ya Juni, Waceke alisimama mbele ya meza yake. Alikuwa amekonda, lakini sauti ilikuwa ile ile.

"Karani, umenona."

"Ni sweta, Mama Thuo."

"Sawa, sweta limenona. Nimerudi. Nataka kibanda changu."

Mabonga alimweleza utaratibu. Kibanda kilichokaa zaidi ya mwaka bila leseni kilihesabiwa kuwa wazi, na angekipata yeyote atakayetangulia kuleta karatasi kamili. Mwenyewe wa zamani alikuwa na haki ya kwanza, mradi alete leseni yake ya zamani.

"Iliungua na magunia."

"Basi barua ya chifu, iseme kibanda kilikuwa chako."

"Chifu anakaa ofisini Jumatano peke yake. Karani, si wewe ndiye umekuwa ukiandika hiyo leseni? Miaka kumi na tano. Angalia kwa daftari lenu."

"Madaftari ya zamani yalipelekwa Nairobi yaingizwe kwa kompyuta. Hayajarudi."

"Na wewe mwenyewe? Kwani hunijui?"

"Nakujua sana," alisema Mabonga. "Lakini siku hizi siruhusiwi kukujua."

"Ai! Ulipokuwa ukinywa chai ulinijua mpaka na watoto. Umeacha chai, umenisahau?"

Foleni ilicheka. Mabonga naye alitaka kucheka, ila jina lilikuwa kifuani. Alimwambia kwa upole aende Jumatano kwa chifu, arudi Alhamisi, na leseni angeipata siku hiyo hiyo. Aliona amemhudumia vizuri. Alirudi Kapsoya na kumwambia Edinah kwamba yule mama wa magunia yu hai.

Jumatatu akaja Dennis. Hakuwa mtu mbaya. Hata baadaye, Mabonga alipojaribu kumchukia, hakufanikiwa. Alikuwa kijana mpole wa Moi's Bridge aliyeuza mahindi msimu ule kwa bei nzuri na sasa alitaka pa kuuzia mbolea. Karatasi zake zilikuwa ndani ya plastiki, zimepangwa kwa mfuatano wa fomu. Picha mbili, kitambulisho, nambari ya kodi, risiti, kila kitu. Penye nafasi ya kibanda aliandika 47. Alipita sokoni, akaona kipo wazi.

"Kuna kitu kingine kinahitajika, mzee?" aliuliza, na mkono wake ukaelekea mfukoni kama mikono ya watu inavyoelekea.

"Hakuna," alisema Mabonga. "Ni haki yako. Rudi saa nane."

Akabaki na faili. Alishughulikia nyingine zote kwanza, akaiweka hiyo chini kabisa. Wenzake walipokwenda kula alibaki ameketi. Zilihitajika siku tatu tu. Alishawahi kupoteza faili miezi minne kwa ajili ya mtu ambaye hakumpenda hata kidogo, na hii ilikuwa siku tatu, bila chai, kwa ajili ya mtu anayemjua. Aliinuka, akaenda nyuma ya mlango na kufungua "Mengineyo". Ndani kulikuwa na ufagio na harufu ya karatasi za zamani. Faili ilikuwa mkononi mwake. Ilikuwa nyepesi.

"Mzee Mabonga, unatafuta nini?" Bi. Musimbi alikuwa amerudi mapema.

"Ufagio, madam."

"Acha, mfagiaji atakuja. Kuna faili imebaki?"

"Ni moja."

"Basi imalize. Tusiharibu ile rekodi."

Angeweza kumweleza. Hilo ndilo lililomrudia miaka mingi, akiwa analisha kuku au anasubiri ibada ianze: kwamba Bi. Musimbi alikuwa mtu wa haki, na angesikia. Lakini kumweleza kungemaanisha kusema kwamba anamjua Waceke, kwa nini alikuwa amesimama pale kabatini, na kwamba anajua kabati lile lina kazi gani. Na ubaoni ile namba ilikuwa imeandikwa vizuri. Aliketi. Akaiandika leseni kwa mwandiko wake ule mzuri, akapiga muhuri, akaandika saa pembeni, kama sheria mpya ilivyotaka. Dennis alimshika mkono kwa mikono miwili.

Alhamisi Waceke alikuwa wa kwanza mlangoni. Aliweka barua ya chifu mezani na kuinyoosha kwa kiganja.

"Nimeleta."

Mabonga alimwambia. Alimwambia taratibu, akitazama barua. Alingoja atukanwe, alitaka sana atukanwe, mbele ya watu.

"Ilitoka lini?" aliuliza Waceke.

"Jumatatu."

"Mmekuwa wepesi," alisema. Akaikunja barua mara nne, akaitia kifuani, akaondoka.

Mwisho wa mwaka Mabonga alipewa cheti cha mfanyakazi mwadilifu. Edinah alikitia fremu na kukitundika sebuleni, juu ya kochi, mahali ambapo mgeni hawezi kukikosa. Mabonga alizoea kuketi kwenye hilo kochi ili kisiwe mbele yake. Serikali za kaunti zilikuja, ofisi ikahamia jengo jingine, fomu zikawa za mtandaoni, na mwaka 2014 alistaafu. Alinunua ekari moja na nusu karibu na Moi's Bridge, akalima mahindi kama kila mtu.

Katika mavuno ya 2016 alipeleka mahindi yake kwenye ghala moja la Moi's Bridge. Magunia manne yalikuwa yametoboka, akaambiwa ayapeleke kwa mama anayeshona pale ukutani, ambaye hulipwa kwa gunia. Alikuwa Waceke. Nywele zilikuwa nyeupe, na sindano ilikwenda bila yeye kuitazama.

"Karani," alisema, "leo ni wewe uko kwa foleni."

Mabonga aliketi juu ya gunia. Aliuliza habari za Thuo. Thuo alikuwa na mke na pikipiki. Kisha akasema jambo alilolibeba miaka saba, na akalisema vibaya, kwa kuanzia mwisho.

"Ile faili ya yule kijana, ningeipoteza. Nilikuwa nayo mkononi. Zilikuwa siku tatu tu."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Jumapili, kanisani, nilisikia kuna mtu ataomba kibanda changu. Nikakopa mia tano kwa Awuor wa samaki wa omena. Jumatatu nikaja nikwambie uilaze mpaka Alhamisi." Alivuta uzi. "Nilijua unaweza. Yangu uliilaza mara mbili, bila sababu, hata mvua haikuwa inanyesha."

Mabonga alicheka, na kicheko kikakatika.

"Sikukuona hiyo Jumatatu, Mama Thuo."

"Utanionaje? Yule askari wa mlangoni aliniuliza namtakia nini karani. Nikamwambia ukweli, si unajua mdomo wangu. Akasema, mama, rudi nyumbani, humu siku hizi tumeokoka, utafungwa bure. Nikamrudishia Awuor pesa yake." Akageuza gunia upande wa pili. "Sikukasirika. Nilifurahi hata kidogo. Nikasema, wakiwa wameokoka kweli, watangojea barua."

Ghalani walikuwa wakiita namba za watu. Mabonga hakusikia yake.

"Ulikuja saa ngapi?" aliuliza.

Waceke alikata uzi kwa meno, akafikiri.

"Mapema. Saa mbili kasoro. Hamkuwa mmefungua."

Leseni ya kibanda namba 47 ilitoka saa nane na dakika kumi, siku hiyo hiyo ya kazi.