Wimbo Uliorudiwa

Juzi pale Buzuruga, kwa muuza chipsi, redio ilirudia wimbo uleule, nami nikaacha kutafuna.

Utotoni mwangu mama alikuwa mtangazaji wa redio ndogo ya jamii. Alasiri moja nilikuwa nyumbani na bibi, aliyekuwa akikaanga dagaa, tukimsikiliza mama akisoma malalamiko ya wavuvi walionyang'anywa nyavu. Ghafla sauti yake ikakatika, ukaanza wimbo nilioupenda kuliko nyimbo zote. Nikajua kanipigia mimi. Nikacheza. Ulipoisha ukaanza tena, na tena.

"Bibi, njoo tucheze!"

"Tulia, mjukuu wangu."

Dagaa wakaungua, moshi ukajaa jikoni, wala hakuwageuza. Alikuwa ameishika redio kwa mikono miwili, akiikodolea macho.

Nilikuwa mkubwa bibi aliponieleza: watu walikuwa wameingia studioni wakamchukua mama, kompyuta ikabaki ikirudia wimbo peke yake.

Mama alirudi kesho yake na gauni lilelile. Nikamkimbilia, nikamshukuru kwa wimbo.

"Ulicheza?" aliuliza, sauti imemkauka.

"Mpaka miguu ikauma!"

"Basi vizuri, mwanangu."

Mpaka leo hajanisahihisha.